Tekla Huja Penye Msiba

Jumatatu, 3 Mei 1999
Nimemaliza kuzungukia nyumba zote. Waliozaliwa wapo. Waliohama wapo. Waliokufa, hakuna! Mchombe nzima ina afya ya kukera.

Kazi yangu kwenye mradi wa afya ni kuhesabu watu nyumba kwa nyumba. Nikiandika kifo, Ifakara wanamtuma Tekla aje kuuliza marehemu aliugua nini. Pasipo na kifo, Tekla haji. Alikuja Novemba, msiba wa Mzee Kasmiri. Alivua viatu, akakaa mkekani na wafiwa, akauliza polepole bila kumkatisha mtu. Tangu siku ile namkumbuka mpaka chakula hakishuki.

Osward, anayehesabu kijiji cha jirani, kapata misiba miwili tangu Krismasi. Tekla kaenda kwake mara zote mbili. Watu wengine wana bahati.

Alhamisi, 6 Mei
Nimepata akili! Mzee Salvatory yuko ng'ambo ya mto, anaamia ndege kwenye mpunga wake. Nyumba yake imefungwa hadi mavuno. Nimemwandika marehemu. Mungu anisamehe, ni kwa muda tu. Akishavuna nitamfufua.

Jumanne, 11 Mei
Tekla anakuja kesho! Anataka mfiwa wa kumhoji. Nimemwomba jirani yangu Rosemery awe mkwe wa marehemu. Nimemwahidi kuku. Nimemfundisha: homa, basi. Shati nimelipiga pasi mara mbili.

Jumatano, 12 Mei
Aibu! Tekla alishuka kwenye pikipiki akasema poleni. Sauti ile ile. Rosemery akaanza vizuri, homa. Alipoona anasikilizwa, akanogewa. Akaongeza nyoka. Kisha mamba. Halafu akaangua kilio, majirani wakaja wakalia naye bila kuuliza, na habari ikavuka mto.

Saa kumi akatokea Mzee Salvatory, anakimbia, matope hadi magotini, machozi yanamtoka, anauliza nyumbani kwake kafa nani. Mimi nikasema shikamoo.

Tekla akanivuta pembeni. Hakufoka. Akasema kwa kifo kile kimoja, mtu ofisini angeamini homa imezidi Mchombe, akaleta huku dawa zinazohitajika kwingine. Akauliza kwa nini nimefanya vile. Nikamwambia ukweli, tangu Novemba. Akashika usukani wa pikipiki, akautazama.

"Egidius, ungenikaribisha chai tu, ningekuja."

Akaondoka. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Ijumaa, 21 Mei
Nimefukuzwa kazi. Mzee Salvatory hapokei salamu yangu. Rosemery anadai kuku wake.

Nimenunua majani ya chai na sukari. Lakini mtoto wa watu unamwitaje kutoka Ifakara kote huko bila sababu? Barua nimeianza, nimeichana. Ninamtamani mno yule dada.

Jumatatu, 7 Juni
Kaja mhesabu mpya, Ignas, kijana wa Mlabani. Hanijui! Akauliza kama hapa ndipo kwa Egidius. Nikainamisha kichwa. Nikasema Egidius, masikini, hatunaye tena. Mimi ni kaka yake, nimehamia kutunza nyumba.

Kafa mmoja, kahamia mmoja, nyumba bado ina mtu mmoja. Hesabu ya kijiji sijaigusa!

Ignas akanipa pole. Akasema dada Tekla atapita kuuliza marehemu aliugua nini.

Nimefagia uwanja. Maji ya chai yako jikoni.