Ndege Yenye Tumbo la Buluu

Jumatatu, 8 Julai 2024

Leo nimepata ndege. Ya plastiki, ya vipande, ndani ya boksi. Mgeni mmoja mzee aliyekaa wiki tatu kwenye nyumba ya wageni ya Mama Sesilia, njia ya Irente, amerudi kwao na kuacha maboksi mawili yanayofanana. Ndani ni ndege ya kivita ya zamani, ya jeshi la majini, ile inayotua juu ya meli, pamoja na vichupa vya rangi ya akriliki. Mama Sesilia amenipa boksi moja kwa kuwa nampelekea miche ya maua kila mwezi. La pili kampa Tobia. Kwa nini Tobia? Eti alimwandikia kibao cha getini.

Kuna kulabu moja tu kwenye dari ya chumba chake cha kulia, juu ya meza ya dirishani. Amesema Jumapili ndege iliyo bora itaning'inizwa hapo, na ukutani kadi yenye jina la aliyeitengeneza. Nimekuza miche kwenye kitalu cha Magamba miaka kumi na tano. Mamia ya miti ya huku juu imepita mikononi mwangu, na hakuna hata mmoja wenye jina langu. Tobia ana jina lake kwenye kona ya kila kibao kuanzia hapa mpaka Soni. Naitaka ile kadi.

Jumanne, 9 Julai

Nimeunganisha vipande vyote kabla ya chakula cha mchana. Vimebaki vitatu. Bila shaka waliweka vya akiba.

Nimekutana na Tobia sokoni. Nikamuuliza habari za watoto, za mvua, za viazi, halafu kijanja nikaingiza habari ya rangi. Akanieleza yote bila kuficha! Akriliki ichanganywe na maji kidogo, ipakwe nyembamba, ikauke, mkono wa pili, ikauke tena, mkono wa tatu. Na kwa ukungu huu wa Julai, akasema, nisubiri nusu siku kati ya mkono na mkono.

Mtu unayeshindana naye hakupi siri bure. Ni mtego huo. Nitapaka nzito, mara moja, nimalize.

Alhamisi, 11 Julai

Rangi haijakauka tangu jana. Imetiririka mpaka ncha za mabawa na kuganda kwa matone. Nimeitundika ndege jikoni juu ya moto, pale mke wangu Loveness anapokaushia mahindi ya mbegu.

Imekauka. Imepata pia masizi, na gurudumu moja limelegea kwa joto, kwa hiyo imesimama upande kama mtu anayesikiliza mlangoni. Loveness kaitazama kwa muda mrefu. Kaniuliza, Baba Eliza, hii nayo tutaipanda mwezi wa tatu? Nimeshinda mchana mzima nikiisugua kwa msasa mpaka plastiki ikaonekana. Buluu yote imekwisha.

Ijumaa, 12 Julai

Siku kubwa. Nimegundua kosa kwenye karatasi ya maelekezo.

Karatasi inasema mgongo wa ndege uwe buluu nzito, tumbo liwe kijivu cheupe. Sababu wameiandika, na Eliza wetu, aliye kidato cha tatu, amenisomea: adui akiwa juu, mgongo upotelee kwenye bahari, akiwa chini, tumbo lipotelee angani. Vizuri. Nikaenda Irente, kule kwenye mwamba wanakosimama wageni kupiga picha, nifikiri. Kipanga akapita. Akapita chini yangu! Nikauona mgongo wake wote, na nyuma yake bonde la Mazinde, limepauka kwa kiangazi, kijivu kitupu. Nikageuka kuutazama mlima: msitu, buluu nzito inayokaribia nyeusi.

Karatasi imeandikwa na watu wa tambarare. Sisi tunatazama vinavyoruka kutokea juu. Huku kwetu mgongo ndio uwe kijivu, upotelee bondeni, na tumbo ndilo liwe buluu, lipotelee mlimani. Tobia atafuata karatasi neno kwa neno, maskini. Nimeteremka nikiimba.

Ila buluu sina. Nimemwambia Loveness asimwambie mtu. Kabla ya jua kuzama Tobia kaleta nusu ya kichupa chake na salamu. Hatoi mtu rangi yake hivihivi, kwa hiyo nimeijaribu kwanza kwenye yai. Yai halikupata madhara. Loveness kalipika.

Jumamosi, 13 Julai

Rangi ya Tobia ni kidogo mno. Imenilazimu kuiongeza maji na kupaka nyembamba, mara tatu, nikisubiri ikauke kila mara. Imetoka laini, haina tone wala mfereji. Hiyo ni kwa sababu ya msasa wangu.

Kila aina ya maandalizi ni halali, kwa hiyo wakati wa kusubiri nimekwenda Mlola kwa Mzee Jafari. Alikuwa mwanamaji miaka ishirini na mbili, na Mama Sesilia amemwomba aamue kesho. Nilimpelekea kabichi mbili. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akazipokea kwa furaha, akanipa kabichi nne. Kumbe analima kabichi. Nimerudi na mzigo mara mbili ya ule niliokwenda nao, na sijui kama nimemhonga au amenihonga.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya ibada tulikwenda wote kwa Mama Sesilia. Ndege ya Tobia ilikuwa imekwishawekwa mezani. Nitasema kweli, ilikuwa nzuri. Mistari imenyooka, magurudumu yamesimama, na vile vipande vitatu vyangu vya akiba nikaviona, kumbe ni vya mkia.

Mzee Jafari akaishika yangu. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akasema miaka yote ile baharini hajawahi kuona ndege inayoruka chali huku imeshusha magurudumu. Nikamweleza habari ya mwamba, kipanga na watu wa tambarare. Akacheka mpaka akakohoa, Mama Sesilia akamletea maji. Kisha akasema iliyo sahihi ni ya Tobia. Niliumia. Nilitazama nje dirishani ili wasinione uso.

Mama Sesilia akapanda stuli, akaitundika ya Tobia. Akashuka, akaketi pale wanapoketi wageni, akainua macho. Akauliza iko wapi. Dari ya chumba kile ni nyeupe. Tumbo la ndege ya Tobia ni kijivu cheupe. Yalionekana magurudumu tu, yananing'inia peke yake. Mzee Jafari akasema kwa fahari kwamba hiyo ndiyo kazi yake hasa, isionekane. Mama Sesilia akasema hapa watu wanakula, hawapigani vita. Akapanda tena stuli, akatundika yangu.

Tumbo la buluu! Linaonekana mlangoni, linaonekana mpaka jikoni. Ikabaki pale pale.

Nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Tobia kanipa mkono, naye alikuwa akicheka, na kaomba aiandike kadi yeye mwenyewe. Nimemruhusu. Mtu aliyeshindwa apewe kazi ya kumfariji.

Jumanne, 16 Julai

Nimepeleka miche, nikakaribishwa chai chini ya ndege yangu. Wageni watatu walikuwa wanakula mkate na jibini. Mama mmoja akatazama juu, akatabasamu, kisha akasogea ukutani kuisoma kadi. Akamuuliza Mama Sesilia ni kazi ya nani. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

Yule mgeni akasema herufi hizi ni nzuri sana, aliyeziandika anapatikana wapi?

Nikasogea na mimi. Jina langu liko pale, Shukrani wa Magamba, kubwa, la buluu, limenyooka kama safu ya miche. Kwenye kona, kwa herufi ndogo: Tobia.

Hata hivyo nimeridhika. Chai ilikuwa nzuri, na ndege iligeuka polepole kila mlango ulipofunguliwa. Wakati narudi nimepita kwa Tobia na kumwomba anifundishe kuandika vibao. Kafurahi kweli. Kanipa brashi na ubao, na somo la kwanza: nipake nyembamba, nisubiri ikauke, ndipo nirudie.

Nimeitikia kwa heshima zote. Kesho naanza, nzito, mara moja.