Mmiliki wa Faili ya Shamba la Risper

Kwa Mkuu wa Wingu la Kuhifadhi Nyaraka,
Popote ulipo.
Nakala: Mkuu wa Kituo chetu cha Polisi.

Ndugu Mkuu,

MINTARAFU: MTU ANAYEMNYIMA MJANE SHAMBA KWA KUFUNGIA FAILI

Natumai hamjambo huko juu. Sisi hapa karibu na Ndhiwa hatujambo, ila mimi nina hasira, na nitaieleza kwa adabu kwa sababu nilikuwa mwalimu kwa miaka thelathini na moja.

Mimi ni katibu wa ukoo wetu. Miaka miwili iliyopita, marehemu Sammy alipokwisha kuzikwa, wazee walikaa wakakubaliana kwamba mjane wake, Risper, abaki na shamba lote mpaka kijitoni. Shemeji yake Byron alikuwepo, akala, akatia sahihi. Leo anasema kikao hicho hakikuwahi kukaa, na ameshapanda miwa hadi nyuma ya jiko la Risper. Alhamisi hii wanasikilizwa kwenye kikao cha ardhi mjini Ndhiwa. Ushahidi ni kumbukumbu nilizoandika mimi. Ninyi mmezikalia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi zenyewe zililiwa na mchwa. Kwa bahati nilikuwa nimezipiga picha zote, sahihi kwa sahihi, nikaziweka winguni kwa mkono wangu. Januari binti yangu Liz, anayefanya kazi Homa Bay, aliniletea kompyuta na kunifungulia anwani mpya ya barua pepe, kwani ile ya zamani ilikuwa imejaa matangazo. Tangu hapo, nikibonyeza faili, naambiwa sina ruhusa, nimwombe mmiliki. Mmiliki gani? Alikuwa wapi wazee wakikohoa na mimi nikiandika?

2. Hata hivyo niliomba. Nilibisha hodi kama mtu anayeingia boma la watu: nikasalimia, nikauliza habari za mvua na mifugo, kisha nikaeleza shida. Kimya. Nikaomba mara ya pili, ya tatu, ya tisa. Jibu likaja: ombi limekataliwa. Ndugu Mkuu, huku kwetu hata mdai anayekuja kwa shari hupewa kiti na maji kabla ya kufukuzwa.

3. Msiseme sikujaribu. Nilizima na kuwasha. Nilibeba kompyuta mpaka kilimani ambako mtandao una nguvu. Mogaka, mwenye saiba, duka la kompyuta pale sokoni, alipakua, akapakia, akafuta kitu fulani, akanitoza kwa hicho alichofuta. Mchungaji aliiombea Sabato nzima.

4. Risper huja kila asubuhi kabla ya kwenda kupalilia. Jana alisimama mlangoni akaniuliza, “Japuonj,” yaani mwalimu, “hiyo wingu yako itafunguka lini? Alhamisi nitasimama mbele ya watu na nini, na mdomo tu?” Nilimfundisha mama huyu darasa la nne, na niliona aibu mbele yake.

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: mmiliki huyo atajwe jina. Akitajwa, aje barazani. Akija, atozwe fahali mmoja kwa ukoo na mbuzi mmoja kwangu. Akikataa, akamatwe. Naamini amenunuliwa na Byron, na mtu anayeweza kununuliwa kwa miwa si wa kupewa faili za watu. Kisha wingu lote lishushwe Ndhiwa, lijengewe ofisi yenye dirisha na benchi, tuwe tunapanga foleni na kugombana na mtu tunayemwona uso.

Wasalimie wafanyakazi wenzako wote, wake kwa waume, na yeyote huko mwenye moyo wa kumhurumia mjane.

Ni mimi katika uchungu,
Mwalimu Cephas Onditi,
Katibu wa Ukoo.

Tanbihi: Liz amefika leo Jumatano. Amefungua ile anwani yangu ya zamani, ambayo bado nasomea habari za mpira kwenye simu. Faili niliiweka winguni kwa anwani hiyo. Maombi yote tisa yalifika humo, na aliyeyakataa ni mimi. Nakumbuka vizuri. Nilidhani ni tapeli anayetumia jina langu, kwa sababu mtu mwenye heshima zangu hawezi kubembeleza hivyo.

Faili imefunguka. Risper ameshapata nakala tatu, na amesema kesho nisijisumbue kumsindikiza. Lakini nakala ya barua hii ilitangulia polisi tangu jana, na Koplo Mirumbe amepiga simu sasa hivi kuuliza mmiliki huyo anaishi wapi. Nilikuwa bado namuuliza habari za mvua, Risper akaichukua simu mkononi mwangu, akamwelekeza taratibu, kona kwa kona, mpaka kwenye mlango wangu.