M ya Kwenye Feni

Jamani, leo herufi moja imenivua nguo mchana kweupe, tena mbele ya mama mkwe. Nawaandikia nikiwa nje nimeegemea ukuta, kwa sababu ndani bado wanacheka.

Kwa msiojua: mke wangu Neema amejifungua wiki mbili zilizopita, na mama yake amekuja kutoka kijijini Choma kumwangalia. Nyumba yetu ya hapa Cheyo ni ya bati na haina dari. Mwezi huu jua la Tabora halina adabu. Feni ndiyo ilikuwa inatusitiri, na leo asubuhi ikagoma. Inanguruma, haizunguki. Mama mkwe alijipepea kwa upande wa kanga mpaka saa nne, kisha akamtuma Neema kwangu (kwao mkwe na mama mkwe hawasogeleani, hata maneno hupitia kwa mtu wa tatu). Ujumbe: feni isipozunguka leo, kesho anarudi Choma. Na harudi peke yake. Anaondoka na binti yake na mjukuu wake mpaka mvua zikolee.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia, mwaka wa kumi na moja huu. Nikamwambia Neema amwambie mama atulie, nyumba hii ina mtaalamu.

Nikafungua feni. Kapasita, kile kiboksi cheusi kinachoisaidia feni kuanza kuzunguka, kimevimba kama andazi. Ubavuni kimeandikwa 2.5 MFD. Hapo ndipo elimu iliponiponza. F ni faradi, kipimo cha kapasita (D sikujishughulisha nayo). M kubwa ni mega, yaani milioni. Faradi milioni mbili na nusu kwenye feni ya mezani haiwezekani, hata mimi nilijua. Nikaamua waliochapa wamekosea, walitaka m ndogo, yaani mili, sehemu ya elfu. Milifaradi mbili na nusu. Zidisha kwa elfu moja upate mikrofaradi: elfu mbili na mia tano. Nikaandika kiganjani na kupiga mistari miwili chini ya jibu, kama ninavyowafundisha watoto.

Nikaenda Kanyenye kwa Zuhura, mwenye kibanda cha vipuri na ufundi wa redio. Huyu nilimfundisha mwenyewe. Akaniamkia, nikaitikia marahaba ya mtu mwenye haraka, nikamtajia namba. Akauliza ni ya nini. Nikasema feni.

"Mwalimu, ya feni ni mikrofaradi mbili na nusu tu. Hiyo M ni mikro."

"Mikro ni ile u yenye mkia, Zuhura. Nilikukata maksi mbili kwa kosa hilihili."

"Nakumbuka, mwalimu. Ila viwandani wengine hawaichapi hiyo u yenye mkia, wanaweka M. Sisi mafundi tumeshazoea."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mwanafunzi hawakulitaja, kwa hiyo nikalipuuza. Nikamweleza tofauti ya mili na mikro mbele ya wateja wawili, halafu nikawauliza na wao kama wameelewa. (Wakaitikia ndiyo. Nadhani kwa huruma.) Kubwa aliyokuwa nayo ilikuwa ya 2200, mkebe mrefu alioung'oa kwenye amplifaya mbovu. Hakutaka kunipa, nikamwomba kwa sauti ya darasani. Akanipa huku akinisihi nisiiunganishe kwenye umeme wa ukutani.

Nyumbani nikagundua kwamba mkebe una alama ya hasi. Ile ya zamani haikuwa nayo. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini, maana umeme wa ukutani hauna hasi ya kudumu. Mimi nikafurahi, nikaona kazi imerahisishwa: hasi nikaipeleka kwenye waya mmoja wa umeme, chanya kwenye mwingine. Nikamtoa Neema na mtoto nje (akili ilikuwa imebaki kidogo). Mama mkwe akagoma kutoka, alitaka kuuona upepo unaanza. Nikawasha.

Ule mlio! Mkebe uliruka ukagonga bati, chumba kikajaa moshi na vipande vya karatasi, umeme ukakatika nyumba nzima. Na mama mkwe, ambaye kwa miaka sita hajawahi hata kunipa mkono, nikamkuta shingoni kwangu. Amenikumbatia kwa mikono miwili, anasema kitu kwa Kisukuma ambacho Neema mpaka sasa amekataa kunitafsiria. Kisha wote wawili tukagundua tulipo. Sijui nani alimwachia mwenzake kwanza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Moshi haujaisha, nasikia hodi. Zuhura! Anasema moyo haukumtulia, akafunga kibanda, akapanda bodaboda, akaja na kiboksi cha mbili na nusu. Alitazama karatasi kwenye nywele zangu, akainamisha uso mabega yakimtikisika. Akakata nyaya zangu zote, akaunganisha upya, akarudisha swichi kubwa. Dakika kumi hazikufika, feni ikazunguka.

Mama mkwe alikaa kwenye upepo wake, akashusha pumzi, akamuuliza Zuhura nani alimfundisha kazi hii. Zuhura, kwa heshima zote, akanionyesha mimi. Akasema mambo ya umeme alianzia kwangu.

Mama akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, aliongea na mimi mwenyewe, bila kupitia kwa Neema.

"Na wewe, baba, ulisoma kwa nani?"

Choma haendi tena. Atabaki mpaka mtoto atimize arobaini, kwa sharti moja tu, nisiiguse feni.

Basi naombeni msicheke, na kama lazima, chekeni kimoyomoyo. Kesho saa mbili asubuhi nina kipindi Kidato cha Pili, mada ni kapasita, na dawati la mbele anakaa mdogo wake Zuhura.