Ng'ombe Wanne Ndani ya Pijo

Jumatatu, 1 Julai 1985

Kharumwa. Gari limefika! Pijo 504, pikapu, rangi ya maziwa, la mwaka 1980. Mwenye nalo wa kwanza, mtu wa Mwanza, alilitunza. Milango inafunga bila kupigwa teke. Nimeuza Landrova yangu ya tangu Uhuru, nikajazia na ng'ombe wanne wa Mama Limi. Mke wangu alikuwa na ng'ombe sita aliowarithi kwa baba yake. Sasa amebaki na jike mmoja wa maziwa na dume mchanga. Nimemwahidi kuwa kazi ya kusomba pamba itawarudisha wote wanne kabla ya Krismasi.

Alilizunguka gari. Halafu akauliza, likipinduka, ng'ombe wake watatokea wapi. Nikasema kuna bima. Akasema basi bima ikatwe kwanza, ndipo gari litoke uani. Akachukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga.

Jioni nilikaa ndani ya gari nikapiga honi. Honi haihitaji ufunguo.

Jumanne, 2 Julai

Geita, ofisi ya bima. Nimekwenda kwa kudandia lori. Wakala ni Bwana Stanslaus, mtu mpole, suruali imenyooshwa kwa pasi. Nikamwambia anikatie kama ile ya Landrova. Akauliza maswali, akapiga hesabu, akanitajia ada ya mwaka. Nilidhani anasoma namba ya simu.

Nilitoa hoja. Landrova haikuwa na breki za kutegemea. Taa moja. Unazungusha usukani nusu duara kabla magurudumu hayajapata habari. Bima yake ikawa rahisi. Pijo lina breki, lina taa zote. Kwa nini gari jema liadhibiwe?

Akajibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto wa kipaimara. Landrova ilikuwa na bima ndogo, ya kuwalipa watu wengine nitakaowagonga. Yenyewe ingekufa, ofisi isingetoa hata senti. Mama Limi anataka bima kubwa, inayolipa gari lenyewe. Gari jipya zaidi lina thamani zaidi, na vipuri vyake ni ghali na havionekani madukani. Kwa hiyo ada inapanda. Mpaka hapo nilikuwa namsikiliza.

Kisha akafungua faili langu. Ukuta wa zahanati. Mbuzi wa Mzee Mageni. Ghala la pamba. Akasema ofisi ililipa yote hayo, na hayo pia yamo ndani ya ada. Nikamweleza kuwa ghala lilijengwa vibaya, limekaa karibu na barabara. Akasema ameelewa. Hakupunguza kitu.

Alhamisi, 4 Julai

Nimepata habari mbaya kuliko zote. Donatus, yule wa mashine ya kusaga, alinunua Pijo lake kwa mtu yuleyule wa Mwanza. Rangi ileile, mwaka uleule, bima kubwa ileile. Analipa karibu nusu ya niliyotajiwa mimi! Alinitajia mwenyewe, uso umejaa unga, anatabasamu.

Nikauliza amefanyaje. Akasema hajawahi kugonga kitu. Habebi abiria wa nauli, anabeba unga wake tu. Na gari linalala ndani ya banda la mashine, mlango wa chuma, kufuli mbili.

Hayo si majibu. Mtu hawezi kulipa kidogo kwa kukaa bila kufanya lolote. Lazima kuna ujanja, na ujanja wowote anaouweza Donatus mimi nauweza mara mbili.

Jumamosi, 6 Julai

Mpango. Kama ada inapanda kwa sababu gari ni jipya, dawa ni kulizeesha. Stanslaus anakuja Jumanne kulikagua. Nimelipaka tope la mtoni juu, ubavuni na chini kabisa. Nimefunga bampa la zamani lililobaki la Landrova, kwa waya. Nimewaruhusu kuku walale kwenye kiti.

Pia nimefuta maandishi niliyokuwa nimeandika mlangoni: KHARUMWA–GEITA–MACHIMBONI KILA SIKU. Kuanzia leo hili ni gari la familia, la kwendea kanisani.

Mama Limi aliuliza kwa nini ng'ombe wake nawapaka tope. Nikamwambia asubiri. Mambo ya kitaalamu.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Donatus aliipeleka kwaya ya parokia uwanjani, bure. Walipita hapa wakiimba. Gari langu limeshinda uani na kuku.

Jumanne, 9 Julai

Stanslaus amekuja kwa pikipiki. Akalitazama gari kwa huzuni. Nikamwambia thamani yake imeshuka sana, aliandike kwa bei ya chini. Akaomba kadi ya gari. Mwaka umeandikwa pale. Sikuwa nimeifikiria kadi.

Akasema, hata hivyo, mwenye gari anaweza kutaja thamani ndogo akalipa ada ndogo. Ila likiungua atalipwa kwa thamani hiyohiyo ndogo. Mama Limi alikuwa anapeta mchele karibu yetu. Akauliza, kwa bei hiyo aliyotaja Baba Limi, angerudishiwa ng'ombe wangapi. Stanslaus akapiga hesabu, akasema mmoja, na miguu ya mbele ya wa pili. Mama Limi akaendelea kupeta. Mpango wa thamani ukafia hapo.

Nikahamia kwenye gari la familia. Nilikuwa nasema kwamba sibebi abiria, sijawahi kuwaza kubeba abiria. Wakaingia wachimbaji watatu, sululu mabegani. Wakanisalimu, wakapanda nyuma, wakakaa. Niliwapokea nauli wiki iliyopita, ni kweli, lakini wangeweza kusubiri njiani. Stanslaus aliwauliza wanakwenda wapi. Wakasema machimboni, kama kawaida.

Swali lake la mwisho: gari linalala wapi. Nikamwonyesha ua. Akasema uzio wa miiba hauzuii mwizi, na hilo nalo linapandisha ada. Nikamwambia kijiji hiki kina sungusungu. Ukipigwa mwano, ule ukelele wa kuitana mwizi akija, wanaume wote wanatoka na pinde kabla hujavuta pumzi ya pili. Hakuna kufuli kama hilo. Akasema ofisini hakuna kisanduku cha mwano.

Hakuweza kumaliza kazi. Namba ya chesisi ilikuwa chini ya tope langu. Amesema nilioshe, atapita Jumamosi kuisoma.

Jumatano, 10 Julai

Nimeosha gari siku nzima. Kuku wamekasirika. Nimefikiri sana. Stanslaus si mtu mbaya, ni mtu ambaye hajaona. Mtu wa ofisi haamini mpaka aone. Basi ataona.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi kitandani, kwa aibu.

Stanslaus alifika adhuhuri. Mama Limi akachinja kuku. Stanslaus akavua koti, akalala chali, akajipenyeza chini ya gari na tochi kutafuta namba. Nikaona ndiyo nafasi. Nikazunguka nyuma ya zizi, nikapiga mwano kwa kifua chote.

Lazima nikiri kwamba ulipokelewa vizuri. Mashamba ya mashariki yakaitikia, yakaitikia ya mtoni, filimbi zikaanza, ukaenda mpaka nisikokufahamu. Kuku hajachemka mara mbili, ua ukajaa. Pinde, mishale, marungu, watu wanahema. Mbele yao Ntemi Bujiku, mkuu wa sungusungu wetu, ambaye kwa kawaida hutembea kwa mkongojo. Nilijivuna. Nilitamani Donatus angekuwepo.

Ntemi akauliza mwizi yuko wapi.

Hapo mpango wangu ulikuwa haujafika. Nikanyoosha mkono kwenye gari, nikiwa na maana ya kwamba gari liko salama. Wote wakatazama. Chini ya Pijo ilitokeza miguu miwili, na viatu ambavyo hakuna mtu wa Kharumwa anavyo.

Hawakuuliza zaidi. Walimvuta kwa vifundo, wakamfunga kamba ya ng'ombe. Stanslaus akasema yeye ni mtu wa bima. Ntemi akamjibu kwamba kila mwizi waliyemkamata alikuwa na kazi yake nyingine. Ni Mama Limi aliyemwokoa. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akawaambia huyo ni mgeni wake na kuku ni wake, wamfungue. Wakamfungua. Suruali haikuwa na pasi tena.

Nikamuuliza Stanslaus kama ameona walivyowahi. Akaokota tochi yake. Mama Limi alimwosha mikono kwa maji ya moto, wakazungumza kwa sauti ya chini muda mrefu. Mimi sikuitwa kula.

Jumapili, 14 Julai

Baraza la sungusungu, baada ya misa. Ntemi Bujiku alieleza hasara. Watu waliacha pamba shambani. Mmoja ametumbukia katika shimo la wachimbaji, mguu umevimba. Wengine walitoka vijiji vya mbali, wakafika jioni, wakalazimika kulishwa. Sheria inajulikana hata na watoto: anayepiga mwano bila mwizi anatoa dume.

Nilijitetea. Nikasema yalikuwa maonyesho, kwa ajili ya kuwapa sifa wao wenyewe mbele ya serikali. Wakanishukuru kwa sifa. Wakasema dume.

Mimi sina dume. Dume ni la Mama Limi.

Alilifungua mwenyewe, akalileta mwenyewe, akalipapasa nundu, akarudi nyumbani bila kutazama nyuma. Nyama iligawiwa pale pale. Mimi pia nilipewa kipande, sheria inaruhusu. Kilikuwa laini. Niliporudi nilimkuta amesimama kwenye zizi na kamba tupu mkononi, jike la maziwa peke yake likimtazama. Moyo uliniuma kweli.  Nikafagia ua.

Jumanne, 16 Julai

Mama Limi amenipa karatasi ya kuhamisha umiliki wa gari, kutoka kwangu kwenda kwake. Nikatia sahihi. Baada ya dume ningetia hata mbili.

Jumatano, 17 Julai

Amekwenda Geita na kaka yake Silvesta. Silvesta alikuwa dereva wa lori la parokia ya Ushirombo, sasa ni mzee amestaafu, hajawahi kugonga hata kifaranga. Wamerudi na stika ya bima. Bima kubwa!

Silvesta ndiye aliyenisimulia. Mama Limi alimuuliza Stanslaus swali moja tu: kilicho ghali ni gari au ni Baba Limi. Stanslaus akasema vyote viwili, ila zaidi Baba Limi. Basi wakalitoa lile ghali zaidi. Mwenye gari ni Mama Limi, faili lake jeupe. Dereva ni Silvesta. Mizigo tu, abiria hapana. Usiku linalala ndani ya ukuta wa parokia yetu, Padri amekubali. Ada ikashuka mpaka ikalingana na ya Donatus, akailipa kwa fedha za maziwa. Na kuna sharti limeandikwa: Thobias hatashika usukani.

Thobias ni mimi.

Hata hivyo, lililokuwa likitafutwa limepatikana. Nimekwenda mashineni kumwambia Donatus kwamba mpango wangu umefaulu.

Jumamosi, 3 Agosti

Pijo limesomba pamba wiki mbili bila kupumzika. Silvesta anaendesha polepole mno, lakini anafika. Mimi nakaa juu ya magunia kuyazuia yasianguke. Kuna upepo mzuri.

Leo Mama Limi ameleta mtamba mweusi mwenye baka jeupe, wa kwanza kati ya wanne. Amemfunga kwa kamba ileile ya dume. Nimemwona anacheka kwa mara ya kwanza tangu Julai ianze. Nilifurahi mpaka nikataka kumfanyia jambo la maana.

Stanslaus alikuwa amepita kuangalia gari. Sasa akikagua huweka mgongo ukutani. Nikamuuliza kama ng'ombe naye anaweza kukatiwa bima, na kwa ada gani. Akasema itategemea thamani ya ng'ombe, mahali anapolala, na nani anamchunga. Nikamwambia nitamchunga mimi. Akavaa kofia, akaiwasha pikipiki, akaondoka bila kunipigia hesabu.

Si kitu. Kesho nitakwenda Geita mwenyewe, nimwandikishe Silvesta kuwa ndiye mchungaji, kisha nichunge mimi. Hakuna haja Mama Limi ajue mapema.