Nimeoa Mstari Mzima wa Kahawa

Jumatatu, 6 Oktoba
Anan, bibi yetu, ametangaza leo tukila mchuzi wa samaki. Shamba la juu, lile linalotazama ziwa, litakuwa la mjukuu mmoja tu: mimi, Win, au binamu yangu Kasman. Kila mmoja apande humo mstari wake wa kahawa kidesturi, kabla mvua za kupandia hazijaisha; atakayefaulu ndiye mwenye shamba. Yaani kila mche uozeshwe kwa upepo, upepo ndio mume, maji yawe walii, ardhi na jua mashahidi. Kahawa isiyoolewa haizai. Kasman anayajua maneno ya kuozesha tangu utoto. Mimi siku zile za kufundishwa nilikuwa kwenye mbio za farasi. Si kitu. Akili ninayo, shule ndiyo ilinikosa.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimejificha kichakani nimsikilize Kasman akiozesha. Mshenzi ananong'ona! Kama anatongoza! Sikupata hata neno. Sisimizi wekundu wakanipanda suruali, nikachomoka, nikaangukia shimo la kupandia. Kasman hata hakugeuka. Akauliza kama anifukie au nasubiri mbolea.

Jumatano, 8 Oktoba
Ushindi! Kwani mimi harusi sizijui? Nimehudhuria zote kijijini, hasa upande wa chakula. Mbele ya Anan nikashika jani la mche wa kwanza, nikapaza sauti kama bwana harusi: nimekubali kumuoa, kwa mahari tuliyopatana! Nikahamia wa pili. Mstari mzima! Kasman akakaa chini akishika mbavu. Anan akaniuliza, kwa upole wa kutisha, upepo uko wapi katika ndoa hii. Sikuelewa. Si ulikuwa unavuma?

Alhamisi, 9 Oktoba
Ameitwa Tengku Sabil, mwalimu wetu wa dini. Kasema mtu haoi mti, nishike jembe. Anan kasema kidesturi maneno yametamkwa na watu wamesikia, mume ni mimi. Sasa nimeoa au sijaoa? Na kama nimeoa, si mwisho wanne? Tengku akafunika mdomo kwa kilemba, mabega yakimcheza. Njia nzima nasalimiwa: wake zako hawajambo, Win?

Ijumaa, 10 Oktoba
Dawa nimeipata. Talaka! Alfajiri nikawaacha wote, mmoja mmoja, kwa sauti, ili jioni niwaozeshe kwa upepo vizuri. Kumbe Anan yuko bondeni anachuma majani ya boga. Akasema hewala, basi wakae eda. Eda ikiisha, mvua za kupandia nazo zimeisha. Mchana, Kasman na Tengku wakiwapo, nikajitetea: ndoa isiyoguswa haina eda, Tengku shahidi! Kasman akakumbusha kwamba kila mmoja nilimshika jani. Tengku akatazama mbali.

Basi. Shamba la juu ni la Kasman. Na wangu wamo humo humo, nami nawapelekea maji na samadi, maana mke wa eda hutunzwa na aliyemwacha. Kasman ananiita shemeji. Shemeji kwa upande upi?

Jumapili, 12 Oktoba
Mgongo umekwisha kwa samadi. Lakini kichwa kimefunguka! Miche ya Kasman mume wake ni upepo. Mume asipoonekana nyumbani, ndoa si inavunjika? Ndoa ikivunjika, Kasman hana kahawa, na shamba linarudi kwangu. Nimeazima turubai la kuanikia, kubwa kuliko yote kijijini. Kesho nalisimamisha ukingoni mwa mlima, upepo usipite hata kidogo. Jirani ananiuliza kama nimeuona upepo wa kule juu. Nimeuona. Ndiyo maana ncha zote nne nitazifunga kiunoni mwangu.