Danstan Hatazami Nyuma

Wilaya nzima ya Biharamulo ina dereva mmoja tu wa trekta: Danstan wa Nyarubungo. Usiniulize nani kasema. Kasema Danstan.

"Dereva wa kweli hatazami nyuma!" hutuambia pale kijiweni kwetu waendesha bodaboda. "Hiyo ni kazi ya kondakta!"

Na kweli hatazami. Mwezi uliopita alimpakia mkewe, Yuster, kwenye tela kutoka sokoni. Njiani akasimama kusalimia watu, Yuster akashuka kununua nyanya, bwana akaondoka zake. Alifika nyumbani, akaoga, akakaa mezani, akaita chakula. Ndipo alipogundua hana mke! Yuster naye alikata shauri, akaenda moja kwa moja kwao Nyamigogo.

Baba yake, Mzee Kazimili, hakutaka maneno mengi. "Mahindi yangu yamejaa uani na mvua iko mlangoni. Jumamosi lete mashine ya kupukuchulia, umchukue mkeo. Usipoleta, usije tena."

Jumamosi, loh! Danstan akaazima mashine, ile ya magurudumu mawili, akaifunga nyuma ya trekta. Na kuifunga kwenyewe sasa! Pini ya chuma ilikuwa imepotea, akachomeka mpini wa jembe. Mnyororo wa tahadhari akafungia spika ya muziki. Kitambaa chekundu cha kuning'iniza nyuma akajifunga kichwani.

"Danstan, huo mpini utakatika mlimani," nikamwambia.

"Wewe endesha pikipiki yako. Mimi naenda ukweni!"

Nikamfuata kwa pikipiki nione mwisho wake. Njiani akampita shemeji yake Nshoma, kaka yake Yuster, na mkokoteni wake wa maksai wanne. Akapiga honi. "Shemeji! Nikufikishie salamu, au nikusubiri mpaka mwakani?"

Mbele kidogo, kwenye mwinuko, mpini ukalia ka! Mashine ikarudi kinyumenyume. Mama mmoja akaruka mtaroni na beseni lake la ndizi, mashine ikampita, ikaegemea kichuguu, ikatulia. Danstan huyooo, anapanda mlima, spika inaunguruma.

Nikamfukuza. "Danstan! Mashine! Nyuma!" Akanipungia mkono. Watoto wakamwonyesha nyuma kwa vidole, akawapungia. Wanawake kisimani wakapiga mayowe, akainamisha kichwa kama mgeni rasmi! Mafuta yakaniishia, nikasukuma pikipiki huku namtukana kimoyomoyo.

Nilifika ukweni nikamkuta amesimama juu ya trekta, bado anahutubia. Wenyeji wameinamisha vichwa kwa aibu, yeye anadhani ni heshima.

"Baba, shikamoo tena! Mwanaume akiahidi anatenda! Sasa tazameni nyuma yangu!"

Wote wakatazama. Kulikuwa na mbuzi.

"Marahaba," akasema Mzee Kazimili taratibu. "Ila huyo mbuzi ni wangu."

Danstan akageuka. Uso ulimshuka hata mimi, na hasira zangu zote, nikamwonea huruma.

Yuster akatokeza mlango wa jikoni. "Baba, usimshangae. Mimi angalau alinikumbuka njaa ilipomuuma."

Hatujamaliza kucheka, Nshoma akaingia na maksai wake. Nyuma ya mkokoteni ilikuwa mashine, imefungwa kamba mara tatu, na tawi bichi limechomekwa kwa nyuma ili wenye magari waione.

Mahindi yakapukuchuliwa mpaka yakaisha. Mzee akasema mashine imefika, kwa mguu wa nani si hoja. Danstan akapumua.

"Nitarudi," akasema Yuster. "Lakini napanda mkokoteni wa Nshoma. Wewe tangulia."

Akatangulia, na safari hii alitazama nyuma! Kila hatua kumi shingo imegeuka. Yuster yupo? Yupo. Bado yupo? Yupo. Alikuwa anamtazama hivyo hivyo trekta ilipoingia mtaroni.

Tukasukuma, maksai wakavuta, ikatoka. Kuwaka ikakataa katakata. Yuster akafungua mnyororo kwenye spika, akaufunga kwenye trekta kwa mikono yake, akautikisa mara mbili. Kisha akamvua mumewe kitambaa chekundu kichwani, akaenda kukining'iniza nyuma.

Tukaingia Nyarubungo hivyo: maksai mbele, trekta nyuma, Danstan kashika usukani macho yameganda. Kijiwe kizima kikasimama.

"Mume wangu," akaita Yuster kutoka kwenye mkokoteni, "mbona huwapungii watu leo?"