Vibuyu Vyeupe vya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Afisa wa afya wa kaunti amepita hapa mtaani kwetu West Indies leo, kibanda kwa kibanda. Madam Sharon. Koti jeupe, gambuti, sura ya mwalimu wa hesabu. Amesema maziwa yachemshwe, vyombo viwe safi, mwenye kuuza apimwe hospitali na avae kofia. Anarudi Ijumaa. Ukipita unapewa cheti. Ukianguka, kibanda kinafungwa.

Na wiki yenyewe ndiyo hii! Jumamosi Mzee Kipyego wa Soy anampokea kijana wake aliyeshinda mbio ng'ambo, na anataka mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, ya kumnywesha getini mbele ya kijiji kizima. Atanunua kwa mwenye cheti tu. Ni mimi au ni Priscah wa ng'ambo ya barabara.

Jebet, mke wangu, ameenda kwao Timboroa kupanda viazi mpaka Jumapili. Mursik ni kazi yake na vibuyu ni vya mama yake. Mimi Mbukusu, mursik naijua kwa kunywa. Ameniachia maagizo: chemsha maziwa, yapoe, mimina, usiguse kitu kingine. Kana kwamba mimi ni mtoto.

Jumanne, 4 Machi

Hospitali. Nimeambiwa nilete choo kipimwe. Tumbo langu, ambalo huniaibisha kila mahali hadi kanisani, leo limekuwa na adabu. Nimekaa huko mpaka mtu wa usafi akagonga mlango kuuliza kama niko hai. Nikaambiwa nirudi kesho.

Nimepishana na Priscah akitoka na majibu yake mkononi. Nimemsalimia vizuri sana. Roho iliniuma.

Jumatano, 5 Machi

Tumbo limekubali. Sina minyoo. Nilijua.

Jioni nimemulika ndani ya kibuyu kwa tochi ya simu. Mungu wangu. Kweusi ti! Masizi kila mahali, na afisa amesema vyombo viwe safi. Hivi ndivyo Jebet alitaka nikaguliwe? Nikaingia kazini. Sabuni, maji moto, kokoto za kutikisa ndani, halafu ile dawa ya kung'arisha nguo, chupa nzima. Mikono imebabuka lakini vibuyu vimetoka vyeupe kama sahani za harusi. Nimemimina maziwa na kufunika.

Mama mkwe atafurahi. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumsaidia kuosha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita kwa Priscah kupeleleza, nikijifanya naomba kiberiti. Nikamkuta anasugua kaa la moto ndani ya kibuyu, mchana kweupe, bila haya! Akaniambia ni mti wa senetwet, akauliza kama wangu umeisha anigawie. Nikamwambia asante, kwangu hatuli uchafu.

Kutoka hapo, moja kwa moja ofisini kwa Madam Sharon. Nimemwambia, kwa uchungu wa raia mwema, kwamba kuna mama anatia makaa kwenye maziwa ya watu. Akaniuliza kama yangu hayana. Nikaapa hayana hata chembe. Akatabasamu, akasema atakuja kwangu kwanza.

Soy, nakuja.

Ijumaa, 7 Machi

Sikuwa na kofia, nimevaa ile ya nailoni Jebet huogea. Madam amesifu chai. Amesifu mandazi, akala mawili. Kisha akafungua kibuyu, akanusa, macho yakamtoka machozi. Akauliza kama nauza maziwa au nafua.

Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo harufu ya usafi. Akakaa chini. Akanieleza polepole kwamba kibuyu hunywa chochote unachokioshea na hakikitoi tena, kwamba lile kaa la moto ndilo usafi wenyewe, kwamba yeye amelelewa na mursik ya nyanya yake na hajawahi kuona kibuyu kilichoteswa hivi. Maziwa yote yakamwagwa mtaroni. Paka wa jirani alikuja, akanusa, akaenda zake.

Cheti nimepata cha chai na mandazi. Mursik hapana, mpaka akague vibuyu tena Jumatatu. Priscah amepita na vibuyu vyake vyeusi, na Mzee Kipyego ameshampigia.

Nimelala njaa kwa hasira, ingawa mandazi yalikuwepo.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi Priscah amebisha. Nikajua amekuja kunicheka. Kumbe anataka mtu wa chai na mandazi kule Soy, mwenye cheti, na amenitaja mimi. Nilimuuliza mara tatu kuna njama gani. Akasema hakuna, nibebe masufuria.

Kijana amekunywa mursik getini, kina mama wakapiga vigelegele, mzee akalia waziwazi. Na mimi nililia, sijui kwa nini, hata simjui. Mandazi yameisha kabla ya maombi. Watu wameniulizia kibanda changu kiko wapi. Priscah ni mtu mzuri, lazima niseme. Lakini nitamchunga.

Jumapili, 9 Machi

Jebet amepiga simu. Wako njiani, na mama yake anakuja kuona vibuyu vyake. Kumbe vilikuwa vya mama yake mama mkwe. Hilo hakuna aliyeniambia!

Sijaogopa sana. Kwetu Ubukusu mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe, wala hawatazamani usoni. Ni sheria nzuri kuliko zote za kaunti. Akianza kusema, nitakuwa nyuma ya nyumba kwa heshima.

Na tatizo lenyewe nimelimaliza. Nimewaza kanisani mahubiri yote. Priscah alipita kwa nini? Vibuyu vyake ni vyeusi. Mimi nilianguka kwa nini? Vyangu ni vyeupe. Wanachotaka watu hawa ni weusi, basi.

Nimetoka dukani na mikebe ya rangi nyeusi ya viatu. Kibuyu cha kwanza nimeshakipaka, ndani na nje, nikakisugua kwa brashi mpaka kinang'aa. Nimekiweka mlangoni, mama mkwe akione kabla hajaketi. Na Madam Sharon nimemtumia ujumbe asingoje kesho, apite leo leo.